Kuchunguza saratani ya ovari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na akina mama wa Mwanza

Kila mara upimaji wa bure unapotangazwa jijini Mwanza, iwe ni kwenye viwanja vya Furahisha au katika kituo cha afya cha kata, akina mama huwahi foleni, na baada ya kupimwa presha, sukari na shingo ya kizazi kuna swali ambalo halikosi: "Na kansa ya mayai nayo mnapima?" Mimi ni muuguzi, na nimelijibu swali hilo mara nyingi nikiwa nimesimama huku foleni ikisubiri. Hapa nalijibu nikiwa nimekaa, pamoja na mengine yanayolifuata. Kansa ya mayai ndiyo saratani ya ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai ya uzazi.

Je, kuna kipimo cha kumchunguza mwanamke asiye na dalili ili kubaini kama ana saratani ya ovari?

Kwa mwanamke asiye na dalili, na ambaye ukoo wake hauna historia ya ugonjwa huu, kwa sasa hakuna kipimo kinachopendekezwa. Vipimo viwili vimejaribiwa kwa miaka mingi: kipimo cha damu kiitwacho CA-125, ambacho hupima protini inayotolewa kwa wingi na baadhi ya uvimbe wa saratani, na ultrasaundi ya kupitia ukeni. Vyote viwili vina kazi yake hospitalini, kama nitakavyoeleza. Hata hivyo, vilipotumika kuwachunguza wanawake wenye afya zao havikupunguza vifo, na baadhi yao viliwapeleka kwenye upasuaji ambao hawakuuhitaji. Ndiyo maana jopo la Marekani linalotoa miongozo ya kinga lilishauri mwaka 2018 kwamba wanawake wasio na dalili wasichunguzwe saratani hii, na hata Uingereza, yenye mipango ya taifa ya kuchunguza saratani ya matiti na ya shingo ya kizazi, haina mpango wa ovari.

Najua jibu hili halimfurahishi mtu aliyepanda daladala mbili kutoka Igoma akitarajia kupimwa kila kitu. Ni heri alipate hapa kuliko kulipia kipimo ambacho hakitamsaidia.

Nimepimwa shingo ya kizazi na majibu ni mazuri. Je, hiyo haitoshi kuonyesha kwamba ovari nazo ziko salama?

Haitoshi, kwa sababu ni viungo viwili tofauti na magonjwa mawili tofauti, ingawa mitaani yote huitwa "kansa ya kizazi". Shingo ya kizazi iko mwishoni mwa uke. Mhudumu huiona kwa macho yake, huipaka asidi ya asetiki, ambayo ni jamaa ya siki ya jikoni, kisha husubiri kama dakika moja aone iwapo sehemu fulani inageuka kuwa nyeupe. Siku hizi kipo pia kipimo cha HPV, kirusi ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za shingo ya kizazi. Ugonjwa huo huchukua miaka mingi kutoka kwenye mabadiliko madogo hadi kuwa saratani kamili, na katika miaka hiyo mabadiliko yanaweza kuondolewa siku hiyo hiyo, mama akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Ovari zimejificha ndani ya nyonga, moja kila upande, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 3 hivi kwa mwanamke anayepata hedhi, na ndogo zaidi baada ya hedhi kukoma. Hakuna mlango wa kuzichungulia. Isitoshe, kwa aina ya saratani inayoua zaidi, wataalamu sasa wanaamini kwamba mara nyingi huanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi, kwenye vijisehemu vidogo ambavyo ultrasaundi haivioni, kisha chembe zake hudondokea kwenye ovari na kusambaa tumboni.

Hilo lisimfanye mtu aache kupima shingo ya kizazi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ina kipimo kinachookoa maisha. Wasichana nao wana chanjo, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2018. Kama mama ana nafasi ya kwenda kliniki mara moja tu, mimi humwambia aitumie kwa shingo ya kizazi.

Majaribio hayo yalionyesha nini hasa?

Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini. Kuanzia mwaka 2001 liliandikisha wanawake zaidi ya 202,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 74 ambao hedhi zao zilikuwa zimekoma. Robo yao walipimwa CA-125 kila mwaka, na kompyuta ikafuatilia kama kiwango cha kila mmoja kinapanda kutoka kwenye kiwango chake mwenyewe cha awali. Robo nyingine walipigwa ultrasaundi kila mwaka. Nusu iliyobaki hawakuchunguzwa. Wote walifuatiliwa kwa muda wa wastani unaozidi miaka 16.

Matokeo ya mwisho yalitolewa mwaka 2021, na wengi wetu tuliyasoma kwa huzuni. Katika kundi la kipimo cha damu, saratani zilizokutwa katika hatua ya kwanza (zikiwa hazijasambaa) ziliongezeka kwa karibu asilimia 47, na zilizokutwa katika hatua ya nne (zimesambaa mbali) zikapungua kwa karibu robo. Mtu yeyote angetegemea vifo vipungue. Havikupungua. Katika kila kundi, karibu wanawake 6 kati ya kila 1,000 walikufa kwa saratani hii, wawe walichunguzwa au hawakuchunguzwa.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba saratani za ovari hazifanani tabia. Zile zinazokua polepole ndizo zinazonaswa kirahisi na uchunguzi wa kila mwaka, na nyingi kati ya hizo zingetibika hata kama zingegundulika kwa dalili. Zile kali hutambaa tumboni zikiwa bado ndogo, na kuziwahi kwa miezi michache hakukutosha kubadilisha mwisho wake.

Jaribio la Marekani, lililokuwa na wanawake 78,216, lilionyesha upande wa pili, yaani madhara. Nusu yao walichunguzwa kwa CA-125 na ultrasaundi. Wanawake 3,285 waliambiwa kipimo kina shaka ilhali hawakuwa na saratani. Kati yao 1,080 walifanyiwa upasuaji, na 163 katika hao wakapata angalau tatizo moja kubwa lililotokana na upasuaji. Hao ni watu waliokwenda kupimwa wakiwa wazima. Kuhusu vifo vya saratani ya ovari, matokeo ya mwaka 2011 yalihesabu 118 katika kundi lililochunguzwa na 100 katika kundi lililoendelea na huduma za kawaida.

Nimepima CA-125 maabara ya mtaani, imetoka juu. Je, nina saratani?

Mama mmoja anayeuza dagaa alinionyesha karatasi ya majibu aliyokuwa ameikunja mara nne na kuifunga kwenye ncha ya kanga. Iliandikwa CA-125: 61, mbele yake kuna mshale unaoelekea juu, na pembeni kiwango cha kawaida, 0 hadi 35. Aliyemuuzia kipimo hicho hakumuuliza lolote zaidi ya jina na umri. Kumbe siku alipotolewa damu alikuwa katika siku ya pili ya hedhi, na ultrasaundi ilipofanyika ilionyesha fibroidi, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi usio saratani, ambazo amekuwa nazo kwa miaka. Hakuwa na saratani. Lakini kati ya karatasi na ultrasaundi alikuwa amekwisha kuuza magunia mawili ya dagaa kwa hasara, ili apate nauli ya kumpeleka Dar es Salaam.

CA-125 hupanda wakati wa hedhi na ujauzito. Hupanda kwa fibroidi, kwa maambukizi ya nyonga, kwa magonjwa ya ini, na kwa ugonjwa wa endometriosisi ambao huleta maumivu makali ya hedhi. Kwa upande mwingine, takribani nusu ya saratani za ovari zilizo katika hatua ya kwanza hazikipandishi kiwango hicho, kwa hiyo namba iliyo chini ya 35 nayo si cheti cha uzima.

Kwa huku kwetu napenda kusisitiza kifua kikuu cha tumbo. Mgonjwa hupungua uzito, tumbo hujaa maji, pengine uvimbe huonekana kwenye nyonga, na CA-125 inaweza kufika mamia. Kwa picha na kwa namba, ugonjwa huo na saratani ya ovari iliyosambaa vinaweza kufanana kabisa, na kinachotofautisha ni maji yaliyopimwa maabara au kinyama kilichokatwa na kuangaliwa kwa darubini. Mmoja hutibiwa kwa dawa za kifua kikuu, kwa kawaida miezi sita, na mwingine kwa upasuaji na dawa za saratani. Asikubali mtu kuhukumiwa kwa namba peke yake.

Sasa kama hakuna uchunguzi wa kuwahi, mwanamke afanye nini?

Aujue mwili wake, na dalili isipokwisha asiizoee. Zamani saratani hii iliitwa muuaji wa kimyakimya, jina ambalo silipendi, kwa sababu wagonjwa wengi ukiwauliza vizuri watakuambia miili yao ilikuwa ikisema kwa miezi kadhaa. Kinachosumbua ni kwamba inasema kwa lugha ya kila siku: tumbo kujaa na kuvimba, maumivu ya tumbo au nyonga, kushiba haraka baada ya matonge machache ya ugali, na kukojoa mara kwa mara au kubanwa ghafla. Ni nani hajawahi kupata haya baada ya maharage?

Tofauti iko kwenye upya na kujirudia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa dalili hizi zina uzito pale zilipoanza ndani ya mwaka mmoja uliopita na zinapotokea zaidi ya siku 12 kwa mwezi. Gesi ya maharage huja na kuondoka. Uvimbe huu haupumziki. Mara nyingi mama mwenyewe huwa ameona jambo bila kulipa jina: sketi ya kanisani iliyomtosha Pasaka haifungi tena kufikia Agosti, ilhali mashavu na mikono vimekonda, na majirani wanampongeza kwa kunenepa au wanamuuliza kama ni mjamzito akiwa na miaka 54.

Hapo ndipo vipimo vile vile nilivyovikataa hapo juu vinapopata kazi yake. Mwongozo wa Uingereza unaelekeza kwamba mwanamke mwenye dalili za namna hii, hasa aliyefikisha miaka 50, apimwe CA-125, na ikitoka juu apigwe ultrasaundi ya tumbo na nyonga. Hospitali zetu nyingi huanza na ultrasaundi moja kwa moja kwa sababu inapatikana kirahisi zaidi, na sioni ubaya. Damu inayotoka ukeni baada ya hedhi kukoma nayo ichunguzwe, hata ikiwa tone moja, ingawa mara nyingi chanzo chake huwa kwingine kwenye kizazi.

Nyumbani wanasema ni chango, wengine kichocho, wengine nimerogwa. Nimsikilize nani?

Kichocho si neno la kupuuzwa ukiwa kando ya ziwa. Kichocho cha tumbo, ambacho wanawake wanaoingia majini kufua, kuteka maji au kupokea samaki hukipata kirahisi, kinaweza baada ya miaka mingi kuharibu ini, kuvimbisha bandama na kujaza tumbo maji. Kwa hiyo mganga wa zahanati ya kisiwani akiliona tumbo lililojaa, kufikiria kichocho ni haki yake. Kosa ni kutoa prazikwanteli, dawa ya kichocho, kisha kuitoa tena, tumbo likizidi kukua, bila kumtuma mama akapigwe ultrasaundi. Picha huonyesha ini, bandama, maji na nyonga kwa mkupuo mmoja, na haihitaji malumbano ya ukoo.

Kuhusu chango na kurogwa, sitamtukana mtu kwa imani yake. Nasema tu kwamba tumbo linalokua lisicheleweshwe kwa miezi mitatu ya dawa za mizizi kabla ya kupigwa picha. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa saratani hii ikiwa bado ndani ya ovari, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa mbali, ni kama 3 kati ya 10.

Mama yangu na dada yake walikufa kwa saratani ya ovari. Je, na mimi nisipimwe?

Wewe ni suala tofauti, na yote niliyosema kuhusu "wanawake wasio na dalili" hayakuhusu moja kwa moja. Baadhi ya koo hurithishana kasoro kwenye jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2. Katika wanawake wa kawaida, kwa takwimu za Marekani, kama mmoja kati ya 90 hivi hupata saratani ya ovari katika maisha yake yote. Mwenye kasoro ya BRCA1 uwezekano wake hukadiriwa kati ya asilimia 39 na 58, na mwenye ya BRCA2 kati ya 13 na 29. Saratani ya matiti iliyompata ndugu kabla ya miaka 50, au saratani ya matiti kwa mwanamume wa ukoo huo, nayo ni ishara. Ipo pia hali nyingine ya kurithi, iitwayo Lynch, ambayo huleta saratani ya utumbo mpana na ya mfuko wa uzazi pamoja na ya ovari.

Upande wa baba huhesabika sawa na wa mama. Hili husahaulika sana, kwa sababu shangazi akifa Geita kwa "kansa ya tumbo" watoto wa kaka yake hawaulizi ilikuwa kansa ipi. Waulize wazee, uandike majina, umri na viungo, kisha mpelekee daktari bingwa wa akina mama karatasi hiyo.

Hata kwa mwenye jeni hizo, kuchunguzwa mara kwa mara kwa damu na ultrasaundi hakujathibitika kuokoa maisha. Kinachopunguza hatari kwa kiasi kikubwa ni kuondoa ovari na mirija baada ya kumaliza kuzaa, ambapo miongozo hutaja miaka 35 hadi 40 kwa BRCA1 na 40 hadi 45 kwa BRCA2. Ni uamuzi mzito, kwa kuwa hedhi hukoma siku hiyo hiyo, na haufanywi kwa haraka wala kwa kushinikizwa na ndugu.

Ultrasaundi imeonyesha "maji kwenye ovari". Je, ndiyo mwanzo wa saratani?

Kwa mwanamke anayepata hedhi, kifuko chembamba chenye maji matupu ni jambo la kawaida; kila mwezi ovari hutengeneza kifuko ili itoe yai, na vingi hupotea vyenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu. Daktari huangalia zaidi kama ndani kuna nyama, kuta nene au vyumba vyumba, na kama kuna maji tumboni. Baada ya hedhi kukoma, uvimbe wowote wa ovari hufuatiliwa kwa umakini zaidi. Maumivu makali ya ghafla yenye kutapika ni dharura, kwani ovari huweza kujisokota.

Je, saratani hii huwapata wasichana?

Kwa nadra, na kwa kawaida huwa ya aina nyingine, inayoanzia kwenye chembe za mayai, ambayo hutibika vizuri na mara nyingi bila kuondoa uwezo wa kuzaa. Kanda ya Ziwa ina pia saratani ya watoto iitwayo Burkitt, inayojulikana kwa kuvimbisha taya, ambayo huweza kuvimbisha tumbo na kuziingia ovari za binti mdogo. Hukua kwa kasi ya siku na wiki, kwa hiyo tumbo la mtoto linalovimba lifikishwe hospitali wiki hiyo hiyo.

Vidonge vya uzazi wa mpango vinasababisha?

Kinyume chake. Kuvitumia kwa miaka kadhaa hupunguza uwezekano wa saratani ya ovari, na kinga hiyo huendelea kwa miaka mingi baada ya kuacha. Kuzaa, kunyonyesha na kufunga kizazi navyo hupunguza. Hiyo haimaanishi kwamba mtu ameze vidonge kwa ajili ya saratani. Avitumie kwa kazi yake.

Na dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa mtandaoni?

Hazizuii wala kutibu saratani ya ovari, na zile za kuingiza ukeni huunguza.

Nikiwa na dalili, nianzie wapi, na nibebe nini?

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu, uombe kupigwa ultrasaundi, na umweleze mhudumu kwa siku na miezi: lini tumbo lilianza, siku ngapi kwa wiki, kilo ngapi zimepungua. Ukionekana na uvimbe wenye shaka, utaandikiwa rufaa. Kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa rufaa hiyo kwa kawaida huishia Hospitali ya Bugando, yenye idara ya saratani. Anayetoka Sengerema au Geita ana nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Anayetoka Ukerewe bado anapanga safari yake kwa ratiba ya meli ya Nansio au kivuko cha Kisorya, kwa hiyo apige simu kwanza kujua siku ya kliniki.

Usikubali uvimbe wenye shaka utobolewe kwa sindano "kupunguza maji", maana ukipasuka unaweza kumwaga chembe tumboni. Upasuaji wa kwanza ndio wenye uzito kuliko yote, na ufanywe na timu iliyojiandaa kwa saratani, si na yeyote aliye zamu.

Beba picha zote za ultrasaundi na si ripoti peke yake, majibu ya damu hata ya zamani, kadi ya bima kama unayo, dawa unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, na ile karatasi ya ukoo. Njoo na mtu mmoja anayesikiliza vizuri, kwa sababu daktari atasema mengi, na mgonjwa mara nyingi huondoka akikumbuka neno moja tu.